Weka Alamisho Zako Wazi

Leo nazungumza zaidi na vijana wanaoanza kazi za kompyuta. Nazungumza na wewe uliyemaliza chuo na sasa uko ofisini kwa mafunzo ya vitendo, na wewe unayejifunza kuandika programu usiku ukishafunga duka, na wewe uliyekabidhiwa kutunza mtandao wa shule nzima bila mtu wa kukushika mkono. Mwalimu, muuguzi na mwandishi wa habari nao wasizime redio, maana jambo lenyewe linamgusa kila anayesoma kwenye intaneti.

Jambo lenyewe ni alamisho. Uko kwenye kivinjari, umekutana na ukurasa uliokusaidia, unabonyeza ile nyota iliyo karibu na anwani, na kivinjari kinakuwekea anwani hiyo ili kesho usianze kutafuta upya. Wengi tunazo alamisho nyingi zimelundikana, na hatukumbuki tuliziweka kwa ajili gani. Hoja yangu leo ni moja. Orodha hiyo, ukiipanga kwa akili yako mwenyewe na ukaiacha wazi wenzako waione, ni kazi kamili ya kompyuta, tena ni mojawapo ya milango mizuri ya kuingilia fani hii. Ushahidi wa hoja hii upo, na una majina na miaka. Nitakupitisha humo taratibu.

Twende California, Marekani, mwaka 1994. Katika Chuo Kikuu cha Stanford walikuwapo wanafunzi wawili, Jerry Yang na David Filo, waliokuwa wakisomea shahada ya uzamivu ya uhandisi wa umeme. Chumba chao cha kazi kilikuwa ndani ya trela lililowekwa chuoni. Wakati huo wavuti ilikuwa changa mno. Tim Berners-Lee alikuwa ameipendekeza mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, kule Uswisi, na kivinjari cha Mosaic, kilichoandikwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois, kilitoka mwaka 1993. Google haikuwapo, kampuni hiyo ilisajiliwa mwaka 1998. Tovuti ungeijua kwa kuelekezwa na mtu, au kwa kufuata kiungo kimoja mpaka kingine hadi uchoke.

Vijana wale wawili wakawa wanaandika kumbukumbu ya tovuti walizozipenda. Waliiweka orodha kwenye kompyuta zao mbili, Akebono na Konishiki, walizozipa majina ya wanamieleka maarufu wa sumo, na wakaiacha wazi, anayetaka aisome. Waliiita mwongozo wa Jerry na David wa kuitembea wavuti. Orodha ilipozidi urefu waliigawa mafungu, na mafungu yalipojaa waliyagawa tena ndani kwa ndani. Watu wakaja kutoka kila upande. Mwaka uleule jina likabadilishwa kuwa Yahoo, Machi 1995 ikawa kampuni, na Aprili 1996 hisa zake zikaanza kuuzwa kwa umma. Uzamivu ule hawakuumaliza.

Naomba tusikimbilie utajiri wao, kwa sababu utajiri huwapata wachache. Tuangalie kazi yenyewe. Mashine hawakuibuni wao. Lugha ya wavuti hawakuibuni wao. Kazi yao ilikuwa kusoma, kuchagua, kupanga na kuonyesha. Kampuni ilipokua iliajiri watu wa kufanya kazi hiyohiyo, kufungua tovuti moja baada ya nyingine na kuamua ikae fungu gani, chini ya uongozi wa mwanamke aitwaye Srinija Srinivasan. Kwa hiyo mojawapo ya kampuni za kwanza kubwa za wavuti ilisimama juu ya uamuzi wa wasomaji, watu waliokaa na kujiuliza ukurasa huu unahusu nini na utamfaa nani.

Mpango ule ulikuwa na udhaifu wake, na udhaifu huo ndio unaotupeleka kwenye hatua ya pili. Mafungu yalipangwa na watu wachache kwa niaba ya dunia nzima. Chukua ukurasa unaoeleza bei ya dawa za malaria. Utakaa kwenye afya au kwenye biashara? Mfamasia atautafuta kwingine na mwanauchumi kwingine. Anayepanga akiwa mbali huwezi kumweleza kwamba wewe unauhitaji kwa sababu ya tatu ambayo hakuifikiria. Na kurasa zilizidi kuongezeka kila siku, wapangaji hawakuweza kwenda nazo sambamba. Orodha ile ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014.

Upande wa pili kulikuwa na alamisho za mtu binafsi. Mosaic iliruhusu mtumiaji kuweka anwani azipendazo, na Netscape iliyoifuata ikaufanya utaratibu huo kuwa jambo la kawaida. Tatizo ni kwamba alamisho zilibaki ndani ya kompyuta ileile. Ukitoka ofisini, umeziacha ofisini. Kompyuta ikiharibika, zimepotea. Na mwenzako wa meza ya pili, aliyekuwa akihangaika na tatizo ulilolimaliza wewe wiki iliyopita, hakuwa na njia ya kuziona. Kuanzia mwaka 1996 walijitokeza waliojaribu kuzihamishia alamisho mtandaoni, lakini aliyepata ufumbuzi ulioenea alikuwa kijana mmoja wa New York, na hadithi yake ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Anaitwa Joshua Schachter. Alihitimu uhandisi wa umeme na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1996, kisha akafanya kazi katika taasisi ya fedha ya Morgan Stanley. Pembeni ya ajira, mwaka 1998, aliianzisha tovuti ya Memepool iliyokuwa ikichapisha viungo vya mambo ya kuvutia. Wasomaji walimtumia viungo, na vingine alivitafuta mwenyewe. Vyote aliviweka katika faili moja la maandishi matupu, kila kiungo na mstari wake. Faili likafikia viungo karibu 20,000. Hapo ndipo alipoanza kutia alama ya reli na neno fupi pembeni ya kiungo, tuseme neno la hisabati kwa viungo vya hisabati, ili akitafuta neno hilo apate mistari yote inayolibeba.

Msikilizaji, ufumbuzi wote ulikuwa hapo: alama ya reli na neno moja. Hapakuwa na mafungu ndani ya mafungu wala kamati ya kuamua. Kiungo kimoja kinaweza kupewa maneno matatu au manne, kwa hiyo ukurasa wetu wa dawa za malaria unakaa kwenye afya, kwenye bei, na kwenye jambo lolote lingine linalokuhusu wewe. Maneno hayo tunayaita lebo.

Schachter alitengeneza kwanza mfumo wa kumsaidia yeye mwenyewe, kisha mwaka 2003 akaufungua kwa watu wote kwa jina la del.icio.us. Bado alikuwa mwajiriwa. Baadaye alieleza kwamba aliigawa kazi ya kuandika programu ile katika vipande vidogo, kiasi kwamba angeweza kukaa, kuona kinachofuata, kukifanya na kuinuka ndani ya dakika 15 hivi. Namtaja kwa sababu hii hasa. Ninawasikia vijana wengi wakisema hawana muda, ajira imewabana, foleni imewabana, umeme umewabana. Ni kweli kabisa. Lakini kazi iliyobadilisha namna watu wanavyopanga habari kwenye wavuti ilifanywa vipande vipande na mtu aliyekuwa na bosi, ripoti na saa za kuripoti kazini kama wewe.

Ngoja nikueleze ilivyotumika. Umefungua ukurasa kuhusu namna ya kuzuia hifadhidata isiingiliwe na wadukuzi. Unabonyeza kitufe kidogo kwenye kivinjari, linafunguka dirisha lenye anwani na kichwa cha ukurasa. Unaongeza sentensi moja ya maelezo, unaandika lebo zako, unahifadhi. Sasa pembeni ya anwani ile unaona namba ya watu wengine waliouhifadhi ukurasa uleule. Unabonyeza namba, unaona majina yao na lebo walizoandika. Unamchagua mmoja, unafungua orodha yake, na hapo unakuta kila alichokisoma kuhusu usalama wa hifadhidata kwa miaka miwili. Humjui, hakujui, wala hukumwomba kitu. Lakini umepata kuona mtu aliyekutangulia anasoma nini.

Kwa anayeanza kazi, hilo ni jambo kubwa mno. Kitabu cha chuo kinakufundisha misingi. Cheti kinakuonyesha ulichofaulu. Lakini ni vigumu sana kijana kujua fundi hodari, akipata tatizo saa nne asubuhi, anakimbilia ukurasa gani. Orodha zilizo wazi zilionyesha hilo, na zilimwonyesha yeyote aliyefungua, awe New York au Mbeya.

Watafiti wawili wa maabara za kampuni ya HP, Scott Golder na Bernardo Huberman, waliuchunguza mfumo huo. Waliona kwamba ukurasa ukishahifadhiwa na watu 100 hivi, uwiano wa lebo zake hutulia. Wa kwanza wanaandika hili na lile, kisha picha inajitengeneza na wanaofuata hawaibadilishi sana. Maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja akijiandikia kwa faida yake, walifikia makubaliano bila mkutano. Waliona pia kwamba lebo si za aina moja. Zipo zinazotaja mada, zipo zinazotaja aina ya kitu, yaani makala au kitabu, zipo za kusifia, na zipo za mwenye orodha peke yake, kama ile maarufu ya kujikumbusha kwamba hili nitalisoma baadaye.

Hapa ndipo ninapoiona siri ya jambo zima. Mfumo ule ulimfaa mtu hata kama duniani pangekuwa hakuna mwingine anayeutumia, maana alipata alamisho zake popote alipo. Faida ya jamii ilikuja kwa kuwa kila mmoja alijihudumia vizuri. Ndiyo sababu sikuambii leo ujitolee kwa ajili ya watu. Nakuambia jisaidie, kisha usifunge mlango.

Mwaka 2005 Schachter aliacha kazi ya Morgan Stanley, akapata wawekezaji, na Desemba mwaka huohuo huduma yake ikanunuliwa. Mnunuzi alikuwa Yahoo. Kampuni iliyozaliwa na orodha ya tovuti ya wanafunzi wawili iliinunua orodha ya kijana mwingine aliyeanza na faili la maandishi. Mwaka 2006 jarida la chuo cha MIT, Technology Review, lilimtaja Schachter kuwa mbunifu wa mwaka miongoni mwa wenye umri wa chini ya miaka 35. Mwishoni mwa mwaka 2008 huduma ilitangaza kuwa na watumiaji zaidi ya milioni 5, na anwani tofauti milioni 180.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana kina funzo zito. Schachter aliondoka Yahoo mwaka 2008. Desemba 2010 kurasa za mkutano wa ndani wa Yahoo zilivuja, zikionyesha kwamba huduma hiyo ni miongoni mwa zilizopangwa kuachwa. Watu walishtuka wakaanza kuhama kwa wingi, na wengi walihamia Pinboard, huduma ndogo iliyoanzishwa mwaka 2009 na Maciej Cegłowski. Yeye alitoza ada, na ada ilipanda kidogo kwa kila mtu mpya aliyejiunga. Aprili 2011 Yahoo ikaiuza huduma ile kwa kampuni ya AVOS ya Chad Hurley na Steve Chen, wale waanzilishi wa YouTube. Ikapita tena mikononi mwa wengine, na Juni 2017 Cegłowski mwenyewe akainunua kwa dola 35,000 za Marekani. Huduma ndogo yenye kulipiwa ikaizika ile kubwa ya bure.

Na si hiyo peke yake. Mozilla, shirika linalotengeneza kivinjari cha Firefox, lilikuwa na huduma ya kuhifadhi makala iitwayo Pocket. Ilifungwa Julai 2025. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema alamisho zake ziko salama kwa sababu zipo kwenye kampuni fulani kubwa, mkumbushe kwa upole kwamba nazo kampuni kubwa hufunga milango.

Lipo jambo la pili linaloumiza zaidi. Wahenga wamesema akiba haiozi, lakini akiba ya viungo huoza. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo mwaka 2024. Kati ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena mwaka 2023. Tovuti hufungwa, mashirika hubadilisha anwani, miradi huisha na mwenye kulipia seva huondoka. Ndiyo maana kazi ya Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ni ya kuheshimiwa. Inatunza nakala za kurasa, nawe unaweza kuuomba mtambo wao uhifadhi ukurasa unaouona una thamani.

Tukija kwetu Afrika Mashariki, tuutazame wakati ulivyotuangukia. Miaka ya 2003 hadi 2008, orodha zilizo wazi zilipokuwa zimeshamiri kwa wenzetu, huku tulitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Kebo ya SEACOM iliwashwa Julai 2009, ikatufikia Mombasa na Dar es Salaam. Kasi ilipokuja na simu janja zikaenea, tuliingia moja kwa moja kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp. Kwa maoni yangu, ile hatua ya katikati, ya mtu kuweka orodha yake mwenyewe hadharani na kuipanga kwa miaka, wengi wetu tuliiruka.

Matokeo yake tunayaona. Fungua kundi lolote la wanafunzi wa kompyuta. Asubuhi mmoja ameweka kiungo cha mafunzo mazuri ya bure. Kufika mchana kimefunikwa na salamu, matangazo ya mikopo, video za mpira na pole za msiba. Mwezi ujao mwanafunzi mpya anaingia kundini anauliza swali lilelile, na anajibiwa atafute huko juu. Huko juu hafiki. Akibadilisha simu bila kuhifadhi nakala, hata kidogo alichokuwa nacho kimekwenda. Ujuzi upo na ukarimu upo, ila hakuna mahali pa kuvitunza.

Hata hivyo, tunaye wa kujivunia. Mtanzania Ndesanjo Macha, aliyeandika mtandaoni kwa Kiswahili katika ukurasa wake wa Jikomboe, alikuja kuwa mhariri wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara katika Global Voices, mradi ulioanzishwa na Rebecca MacKinnon na Ethan Zuckerman mwishoni mwa mwaka 2004. Kazi ile ilikuwa ya kuwasoma Waafrika wanaoandika mtandaoni, kuchagua yenye uzito, kuyaeleza na kumwelekeza msomaji wa mbali kwenye chanzo. Ni ufundi uleule wa alamisho iliyo wazi, ukiwa umefikishwa kwenye ngazi ya uhariri wa kimataifa.

Basi kijana wangu, ukitaka kuanza leo, ufanyeje?

Kwanza, weka chache na uandike sababu. Kila unapohifadhi ukurasa, ongeza sentensi moja kwa maneno yako mwenyewe: ukurasa huu ulinisaidia kurekebisha kosa fulani, au unaeleza vizuri sehemu ya pili, ya kwanza iruke. Sentensi hiyo inakulazimisha uelewe ulichosoma. Ukishindwa kuiandika, ujue hukuelewa, rudi usome tena.

Pili, tumia lebo chache na uzitumie vilevile kila mara. Leo ukiandika seva na kesho ukaandika maseva, umeshaigawa orodha vipande viwili. Pitia lebo zako kila baada ya muda, uziunganishe zinazofanana.

Tatu, nakala ibaki mikononi mwako. Kila kivinjari kikubwa cha kompyuta kina sehemu ya kutoa alamisho zote katika faili moja. Litoe faili hilo, kisha ulifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi. Kwenye mstari wa kwanza kabisa utalikuta jina la Netscape. Kampuni hiyo ilikubali kununuliwa na AOL mwaka 1998, na kivinjari chake kiliachwa kutunzwa mwaka 2008, lakini Chrome na Firefox za leo bado zinatoa alamisho kwa mpangilio wake. Huduma zimekuja na kupita, faili la maandishi limebaki linasomeka. Hapo unajifunza somo ambalo wahandisi wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mpangilio ulio wazi huishi kuliko kampuni iliyoubuni.

Nne, lifanye faili hilo kuwa zoezi lako la kwanza la kweli. Ndani yake, ukilitoa kwenye Chrome au Firefox, pembeni ya kila anwani kuna namba ndefu inayoonyesha siku uliyoihifadhi, imehesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Andika programu fupi, kwa Python au lugha yoyote unayojifunza, isome faili, igeuze namba hizo kuwa tarehe, kisha iulize kila anwani kama ingali hai. Seva ikijibu 200, ukurasa upo. Ikijibu 301, umehamishwa kabisa. Ikijibu 404, haupatikani. Utakutana na anwani zisizojibu kabisa, zenye herufi za ajabu, na tovuti zinazokukatalia kwa kuwa umeuliza haraka mno. Kila moja itakufundisha jambo ambalo mtu wa mtandao hulitumia kazini kila siku. Ukimaliza una programu uliyoiandika kwa tatizo lako halisi, na kwenye usaili wa kazi utaieleza bila kubabaika.

Tano, iweke wazi. Inaweza kuwa ukurasa mmoja wa kawaida unaousasisha mwenyewe, au ukatumia programu huria kama Shaarli au linkding kwenye seva yako, ambayo pia ni shule ya kuendesha seva. Halafu ukiulizwa swali kundini, usimwambie mtu atafute huko juu. Mpe anwani ya lebo inayomhusu.

Lakini kabla ya kufungua mlango, chambua. Anwani za mifumo ya ndani ya ofisi yako si za kuonyesha mtu. Nyaraka zilizowekwa kwa mpango kwamba yeyote mwenye kiungo anafungua, ukikitoa kiungo umezitoa nyaraka zenyewe. Na zipo anwani ndefu zinazobeba ndani yake msimbo wa kuingilia akaunti. Hizo usizihifadhi hata kidogo. Tena kumbuka kwamba orodha huonyesha fikra za mwenyewe: ugonjwa anaousoma, kazi anayoitafuta, shida ya nyumbani anayotafutia ushauri. Mwanzoni del.icio.us ilionyesha kila kitu hadharani, na uwezo wa kuficha baadhi ulikuja baadaye. Wewe anza ukijua kipi ni cha kabatini na kipi ni cha barazani.

Nimeacha la mwisho lililo karibu zaidi na moyo wangu. Kurasa nyingi za kufundishia kompyuta zimeandikwa kwa Kiingereza, na kuzitafsiri zote hatuwezi kwa haraka. Lakini sentensi moja ya Kiswahili juu ya kila ukurasa tunaiweza. Binti wa kidato cha nne kule Kigoma au Lamu anayetaka kuanza programu hana haja ya kuambiwa kwamba intaneti imejaa maarifa. Anahitaji mtu wa lugha yake amwambie: anza na huu, uusome mpaka hapa, halafu nenda kwenye ule, na huu wa tatu uuache kwanza. Anayeweza kumwambia hayo ni wewe uliyepita njia hiyo mwaka jana, ungali unakumbuka ulipojikwaa. Bingwa wa miaka 20 kazini amekwisha kusahau. Kwa hiyo usisubiri ubobee ndipo ugawe. Uchanga wako katika kazi ndio unaokufanya uwe mwelekezaji bora wa anayekufuata.

Yang na Filo walipoanza hawakuwa mabingwa wa wavuti, walikuwa wanafunzi. Schachter alikuwa mwajiriwa wa fedha mwenye faili la maandishi. Waliyaona yaliyowafaa, wakayapanga, wakayaacha wazi. Wewe wiki hii chagua viungo kumi ulivyovisoma kweli, andika sentensi moja ya Kiswahili kwa kila kimoja, uvipe lebo, utunze nakala yako, kisha umpe mtu mmoja anayeanza. Wiki ijayo ongeza.